Mgeni Hajivulii

"Ukiigusa hiyo fimbo ya kuvulia, Cyril, nakutosa majini na makoti yako yote," alisema Ernestine, na hakuwa anatania sana.

Cyril alirudisha mikono mifukoni. "Nilikuwa najikuna tu, shemeji. Siku hizi hata kujikuna ni kosa?"

"Kajikune kule nyuma, kwenye injini."

Boti ilikuwa imetia nanga juu ya mwamba ambapo kaka yake Ernestine, Herman, alikuwa akivua, mbali kidogo na loji ya wageni. Wageni wa mwisho waliondoka asubuhi hiyo kwa ndege ituayo majini, nyuso zimewababuka kwa jua, na kesho boti zote zingepandishwa nchi kavu mpaka kiangazi kingine. Msimu mzima Ernestine alikuwa jikoni, akiwapikia watu wa mijini waliokuja kuvua kwa kujifurahisha, na yeye mwenyewe hakutia hata ndoana moja majini. Kwa hiyo leo ndiyo leo.

Herman alifariki majira ya baridi yaliyopita. Oktoba ukoo wao, watu wa Kunguru, ungemfanyia karamu ya kumaliza matanga, na wa kukaribishwa ni watu wa Tai, yaani upande wa mume wa Ernestine na huyu Cyril, mdogo wake mume. Katika karamu hiyo wageni hulishwa kile alichokipenda marehemu. Wakila wao, ameshiba yeye. Na Herman alipenda halibati, yule gayogayo mkubwa wa maji baridi mwenye macho yote mawili upande mmoja. Samoni walikuwepo tele, wamekaushwa kwa moshi hadi banda limejaa, lakini Herman, Mungu amrehemu, alikuwa akisema samoni ni chakula cha dubu.

Sasa kasheshe ni hii: samaki huyo lazima atoke mikononi mwa wenye karamu. Cyril, ambaye pwani nzima hakuna anayemfikia kwa halibati, ni mgeni. Aliruhusiwa kuendesha boti, kutia nanga na kupiga domo. Kuvua, hapana. Wapi umeona mgeni akajivulia kitoweo?

Na domo alilipiga kwelikweli.

"Hicho ulichofunga kwenye ndoana ni kichwa cha samoni au kichwa cha kabichi?" aliuliza. Na Ernestine alipopandisha papa mdogo, mwembamba, asiyefaa hata kwa mchuzi, akapiga makofi. "Haya, Oktoba tunakula papa! Nitawaambia ndugu zangu waje na meno ya akiba."

"Nyie kwa ulafi wenu, hata mkiletewa mawe mtayala."

"Basi tupe hayo mawe, shemeji. Mawe hayakimbii."

Ernestine alicheka, lakini moyo ulikuwa juu. Maji yalishaanza kugeuka. Muda si mrefu mkondo ungekuwa mkali, chubwi la kuzamishia mshipi lisingekaa chini, na ndiyo ingekuwa basi tena. Angewaambia nini watu siku ya karamu? Aliinama juu ya mshipi akanong'ona kama alivyokuwa akinong'ona mama yake, akimwita halibati bibi: "Bibi uliye huko chini, nina kaka ana njaa. Nihurumie."

Cyril akainamisha kichwa.

Wakakaa. Kisha ncha ya fimbo ikatikisika, mara moja, ikatulia. Halafu ikainama mpaka ikagusa maji.

"Muache ameze!" Cyril aliruka. "Muache, muache... sasa! Vuta! Vuta, mwanamke!"

"Nyamaza, nakusikia!"

Alivuta. Kila alipompandisha kidogo, samaki alizama tena, na mshipi ukalia. Mgongo uliuma, jasho likaingia machoni. Cyril alikuwa akikanyaga huku na huku, mikono kaibana kwapani asije akaisahau ikatenda.

Ndipo maji yakawa ya kahawia kando ya boti. Loo! Halibati alikuwa mpana kama mkeka.

"Upembo! Mpige upembo, ataondoka!"

"Nina mikono miwili tu!"

"Na mimi nina miwili haina kazi! Nakuomba, shemeji. Hata mmoja tu."

"Ukimshika, si wa Herman tena!"

Aliibana fimbo kwapani, akashika upembo, ule mti wenye kulabu ya chuma, akainama na kumchoma nyuma ya kichwa. Samaki akajitupa. Miguu ya Ernestine ikaachana na sakafu, na kweli angekwenda naye, kama Cyril hangemdaka mkanda wa suruali na kumvuta kwa nguvu zake zote. Wote watatu wakaanguka ndani, Cyril chini, Ernestine juu yake, halibati juu ya Ernestine.

"Sikumgusa!" Cyril alipiga yowe, mkia ukimchapa mashavu. "Mungu shahidi, nimekushika wewe tu! Yeye ndiye ananigusa!"

Ernestine alilipata rungu, akampiga samaki mara moja, sawasawa, akatulia. Hapo wakacheka. Walicheka hadi wakashindwa kuinuka. Kisha akaweka kiganja juu ya ile ngozi yenye utelezi. "Ahsante, bibi," alisema, na furaha ikamjaa mpaka kifua kikauma. "Herman, nimempata."

Cyril alikuwa ameketi akimwangalia samaki. Yeye na Herman walivua pamoja tangu hawajaota ndevu, na siku ya mazishi hakuna aliyemwona akitoa chozi.

"Oktoba utakula, shemeji?"

"Nitakula mpaka mnibebe. Nitakula shavu, nitakula mgongo, bakuli nitalilamba. Herman ata..." Akasita. Akageuka kuelekea baharini.

Ernestine alimtazama mgongoni. "Unalia, shemeji?"

"Nalia njaa," alisema Cyril, bila kugeuka.

Ernestine akajisogeza hadi mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo, boti ikigeuka polepole na mkondo.