Orodha ya Wanaobebwa

"Toa kidole, baba."

Mzee alikificha kidole gumba ndani ya ngumi, na ngumi ndani ya blanketi. Binti yake akabaki ameinama kando ya kitanda, pedi ya wino mkononi.

Kwa wiki tatu alikuwa amezunguka nyumba mia na kumi na mbili, akiandikisha wasioweza kutembea, ili volkeno ikianza kuamka magari yajue pa kuwafuata. Ilikuwa kazi ya kuchekwa. Watu walimwuliza mlima wenyewe uko wapi, naye akaeleza kila mlangoni kwamba hakuna mlima. Ulilipuka zamani zisizohesabika, ukadidimia, na mji wote huu, soko na shule zake, umejengwa ndani ya shimo lake. Vilima vinavyoonekana mbali kila upande ndivyo kingo za shimo. Huenda lisilipuke tena kwa miaka elfu kumi. Ila tangu mwaka jana ardhi ilikuwa imeinuka kimo cha kiganja, na wataalamu hawakuwa na usingizi. Watu walimsikiliza, wakampa kiti, kisha wakambandika jina: Bibi Majivu.

Hayo aliyavumilia. Lakini leo saa sita mchana orodha ilikuwa inafungwa, na mtu pekee wa mtaa huu ambaye hajaweka dole gumba alikuwa baba yake mwenyewe, aliyepooza miguu mwaka wa nne sasa.

"Nimechimba visima arobaini mji huu," mzee alisema. "Huko chini napajua kuliko hao wenye mashine."

"Basi unajua kuna moto."

"Najua kuna joto. Kisima cha mwisho nilitoka nimeiva kama kiazi."

Alicheka peke yake. Mama, aliyekuwa dirishani akishona kifungo cha shati, hakugeuka. Homa ilikuwa imemwondolea masikio siku nyingi.

Binti alijaribu upole, akajaribu kununa. Alimweleza kwamba majivu yakianza kudondoka gari litafuata orodha tu, halitapiga hodi kwa asiyeandikwa. Mzee akasema ni sawa.

"Unataka nife nikikutafuta?" binti aliuliza.

Mzee aliangalia dari kwanza. "Gari hilo linachukua nani humu ndani?"

"Anayebebwa. Wanaotembea wanakusanyika uwanjani wakisikia king'ora."

"Mama yako anatembea."

"Ndiyo."

"King'ora atakisikia kwa wapi?"

Binti alimtazama mama yake mgongoni. Nani humwambia mlango unabishwa, sufuria inafurika, mvua inalowesha nguo? Na nani humgeuza mzee, akamwogesha, akamketisha?

"Ukitutenganisha," mzee alisema taratibu, "utakuwa umepakia magogo mawili."

Binti alitoka uani akampigia simu msimamizi wa orodha. Akaambiwa fomu moja ni mtu mmoja. Kiziwi anayetembea ni mtembeaji. Kompyuta haipokei majina mawili kwenye mstari mmoja. Tena kama ataanza kupendelea wazazi wake, mtaa mzima utataka hivyo hivyo. "Dada, maliza kazi," msimamizi alisema, akakata. Binti aliipiga teke ndoo ambayo haikuwa na kosa lolote, akarudi ndani akichechemea.

Aliisoma fomu upya, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta tundu kwenye ukuta. Chini kabisa paliulizwa kifaa ambacho mgonjwa hawezi kukaa bila kuwa nacho. Kwingine kote alikuwa ameandika fimbo, au kiti cha magurudumu. Hapa aliandika: mke wake.

Aliona aibu, mama yake kuwekwa kundi moja na magongo. Hakufuta. Alimsomea mzee, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akatoa kidole.

Huenda kompyuta ingeyatema maneno hayo. Alikuwa bado anawaza hivyo wakati king'ora cha majaribio kilipoanza kulia mtaani, kirefu, chenye kukwaruza. Mzee aligonga sakafu mara tatu kwa fimbo iliyokuwa kando ya kitanda. Mama alihisi kwa nyayo, akaacha shati, na kabla hajauliza kuna nini mikono yake ilikuwa tayari chini ya makwapa ya mumewe, ikimwinua. Ndipo akamgeukia binti, akiitazama midomo yake.

Binti alikuwa akiipepea fomu. Wino ulikuwa bado mbichi.