Pigo la Saba la Bibi Kata

Ko. Ko. Ko.

Ulikuwa mlio wa kata ikigonga mtungi, na ulitoka gizani. Giza lenyewe lilikuwa la kutengeneza: nje jua la saa tatu asubuhi lilikuwa linawaka, ila madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi ili picha ionekane vizuri ukutani.

"Chiriku, acha kuchezea mtungi wa watu!" Fundi alisema bila kugeuka.

"Sichezei, mama. Niko hapa."

Kweli, mtoto alikuwa hapo hapo miguuni, ameshika pindo la gauni lake. Tena ukumbi mzima haukuwa na mtungi. Ulikuwa na viti vinne, mashine ya kuonyeshea sinema, na mashine ya kanda ambayo Fundi aliifufua juzi kwa mpira wa cherehani mbovu. Mlio ulikuwa unatoka kwenye kanda.

"Mjomba!" Fundi akapaza sauti, maana masikio ya mjomba wake yalikwisha siku nyingi kwa kukaa ubavuni mwa ile mashine ya sinema. "Nani anagonga mtungi humu?"

"Nani kagongwa?"

"Mtungi! Kuna kata inagonga mtungi!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kumbe ipo bado! Huyo mama yangu huyo. Bibi Kata."

Akawasimulia. Siku ya kwanza kabisa ya kupiga sinema, Babu, baba yake Mjomba, alikaa nyuma ya kamera kama sultani, na tukio lilipokwisha akapiga ukelele wa kusimamisha kamera: "Kata!" Mkewe alikuwa jikoni, habari za sinema hazijui, akasikia mume anataka kata. Akatoka mbio na kata imejaa maji, akapita katikati ya harusi ya kuigiza, akamlowesha bwana harusi toka kola hadi viatu. Babu akafoka. Bibi akamtazama juu chini.

"Umesema kata, nimeleta kata. Ulitaka upawa?"

Tangu siku hiyo kata ikapata ajira. Kamera ilichukua picha, mashine nyingine ikachukua sauti, na ilitakiwa alama moja ya kuziunganisha baadaye. Basi kabla ya kila tukio Bibi alisimama mbele ya kamera akagonga mtungi. Jaribio la kwanza pigo moja, la pili mapigo mawili, hivyo hivyo. Picha ilinasa mkono, kanda ikanasa mlio.

"Tangu juzi nahangaika, Mjomba, na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mimi mtu wa picha. Hata huo mwanzo wa filamu na wa kanda huwa naurusha. Makapi matupu."

Fundi akameza jibu lake. Mtu mzima hajibiwi hivyo, na kazi ilikuwa mbele.

Ukumbi huo ndio uliokuwa studio ya ukoo wao. Babu, mpiga picha za vitambulisho, alichora mawingu kwenye ukuta mmoja na bahari kwenye ukuta wa pili, akatengeneza filamu tisa kwa miaka kumi na miwili. Waigizaji walikuwa watu wa nyumbani. Mama Mkubwa alikufa katika tatu na kuolewa katika nne. Kiti kimoja chekundu kiliigiza zote tisa na hakikulalamika. Kisha video zikaingia majumbani, watu wakaacha kupanga foleni mlangoni, na studio ikazimika taratibu kama jiko lililosahauliwa.

Leo saa nne alikuwa anakuja Mhifadhi kutoka jumba la kumbukumbu. Masharti yake yalikuwa wazi: filamu yenye sauti yake ataichukua ikatunzwe, iliyo bubu ataiacha. Na Jumatatu ukumbi unabomolewa. Nane zilikuwa tayari, Babu mwenyewe alishaziunganisha na sauti zamani. Iliyobaki ni ya tisa, ya mwisho, na ndani yake alikuwamo mama yake Fundi, aliyefariki Fundi akiwa hata kukaa hajajua. Sura yake aliijua kwa picha. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

Kanda zilikuwa mbili, na mvua ilishaosha maandishi yote. Babu aliwajaribu mabinti zake wawili kwa nafasi ile ile na maneno yale yale, Mama Mkubwa na mama yake Fundi, kisha akabaki na picha ya mdogo. Kanda moja ina mmoja, ya pili ina mwenzake, na sauti zinafanana kama maji na maji. Wa kuwatofautisha aliyebaki hai alikuwa Mjomba peke yake, na kwa Mjomba binadamu wote walivuma kama nyuki.

"Basi leo kata itasema," Fundi alisema. Akaweka filamu, safari hii kutoka mwanzo.

Bibi Kata akatokea ukutani, mwembamba, kajifunga kitenge, kata mkononi. Chiriku akahesabu kwa sauti kila mkono uliposhuka. "...tano, sita, saba!"

Kanda ya kwanza ilikuwa na mapigo sita. Ya pili saba.

"Mambo si hayo!" Mjomba akapiga makofi. "Saba kwa saba."

Mhifadhi aliingia wakati huo huo, mama mnene wa miwani, akakaa kwenye kiti chekundu bila kujua kakalia msanii mkongwe. Fundi akaweka kanda ya mapigo saba, akaziwasha mashine mbili kwa pamoja. Mdomo ulifunguka ukutani, neno likaja baadaye. Mdomo ukafumba, neno likaendelea.

"Maneno yanaukimbia mdomo," Mhifadhi alisema kwa upole. "Pole, binti. Picha nzuri, lakini hiyo sauti si yake."

"Kata tamaa, mwanangu," Mjomba akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Sikati, Mjomba." Fundi akamgeukia Mhifadhi. "Mama, nipe dakika tano."

Akarudisha filamu na kuipitisha polepole. Pigo la sita likatua. La saba, mkono ulishuka, lakini haukufika mtungini. Ulizunguka nyuma, ukapapasa mgongoni mara mbili, kiganja wazi.

Fundi akasimama. Mkono ule aliufahamu. Miaka miwili ya madarasa ya jioni alijifunza ufundi wa redio na Chiriku mgongoni, na kila mwalimu alipofika penye kona ngumu mtoto aliamka, na mkono wake mwenyewe ukaacha kalamu ukaenda nyuma vivyo hivyo.

"Hakugonga," alisema. "Alikuwa na mtoto mgongoni. Pigo la saba alimpa mtoto."

"Mtoto gani?" Mhifadhi akauliza.

"Mimi."

Akaweka kanda yenye mapigo sita, akaongeza sauti. Sita, kisha kimya kifupi, kisha kwa mbali, chini ya mvumo wa mashine, kitoto kikalia mara moja na kunyamazishwa. Walikuwa wamekidhania mkwaruzo wa kanda.

Mjomba hakusikia kitu, ila alimwona Mhifadhi akivua miwani, akaelewa.

Fundi akaiweka filamu penye pigo la kwanza na kanda penye mlio wa kwanza. Akaachia zote mbili. Kata ikagusa, mtungi ukalia, ko, mahali pamoja. Bibi Kata akatoka pembeni. Mlango wa mbao nyembamba ukafunguka chini ya mawingu ya rangi, na mwanamke kijana mwenye begi akaingia, akawatazama wote waliomo ukumbini.

"Mnanishangaa nini?" alisema, na kila neno likakaa mdomoni mwake. "Sogeeni nipite, hii nyumba ni yangu."

Mhifadhi alikuwa anafungua daftari lake, akaliacha wazi. Chiriku aliutazama ukuta, akamtazama mama yake, akautazama ukuta tena.

"Mama," akasema, "anaongea kama wewe."