Mkia wa Tatu

Kila asubuhi mdudu mmoja wa mtoni, wa wale wanaoishi siku moja, alifunikwa kwa glasi juu ya meza ya mjomba, na kila asubuhi binti mpwa wake alimsoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mbawa zimesimama wima. Za nyuma ni ndogo, au hazipo. Tumbo rangi gani. Mikia miwili au mitatu. Kisha mjomba alifunga nyuzi na manyoya kwenye ndoana mpaka apatikane mdudu bandia wa kuwauzia wavuvi wa mshipi. Samaki wa mto ule hadanganyiki ovyo: punguza mkia mmoja tu, hagusi.

Mjomba hakuwa na macho tena. Ndivyo alivyosema tangu mkewe afariki: ukungu, mwanangu, ukungu mtupu. Basi binti akawa macho yake, na nani atahama na macho ya mwenzake? Dada wa binti alimtafutia kazi ya kushona mashuka kiwandani. Akaahirisha, akaahirisha tena. Leo ndiyo mwisho. Asipofika jioni, nafasi anapewa mwingine. Begi lilikuwa mlangoni, naye amekwama kwenye kiti cha dirishani, akiichukia ile glasi, na zaidi akiichukia huruma yake mwenyewe.

"Mbawa za kijivu, hazijang'aa," alisoma harakaharaka. "Bado hajajivua ngozi ya mwisho. Mikia miwili."

"Mitatu," mjomba alisema kutoka ng'ambo ya meza. "Wa katikati umejikunja chini ya tumbo."

Binti aliinama. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele.

Hasira zikampanda. "Mjomba! Kumbe unaona?"

Mzee alijua maji yamekwisha mwagika, hayazoleki. "Naona," alisema. "Nisichotaka kukiona ni hicho kiti. Kitupu."

Kilikuwa kiti cha marehemu mkewe. Huruma ile ile ilimshika binti mabega, na kwa muda hakuinuka. Kisha akasimama, akakigeuzia kiti upande wa mjomba.

"Kikalie wewe, mjomba. Hapa ndipo penye mwanga."

Alipofika mlangoni na begi lake, alimsikia nyuma yake akivuta kiti, kisha akianza kusoma kwa sauti: mbawa, tumbo, mikia.