Kiti cha Mpiga Gitaa

Msusi alimwomba shemeji yake, kaka wa mumewe, amfundishe kupiga gitaa kwa kusoma noti. Shemeji ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa ukoo, na hakuna sherehe iliyoanza kabla hajabembelezwa. Siku ya somo la kwanza, mbele ya ndugu wote, alimwekea karatasi ya muziki akamwambia aifuatishe kwa kidole huku yeye akipiga. Msusi akafuatisha kwa adabu zote. Kumbe karatasi ilikuwa imegeuzwa juu chini. Watu walicheka wakashika mbavu. Mumewe naye alicheka. Tangu hapo akabandikwa jina la Kichwachini, likamfuata mpaka saluni.

Aliendelea kusuka, lakini hakulisahau.

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo mwalimu wa muziki wa shule ya jirani. Wakakubaliana: nywele kwa somo. Msusi akisuka, mwalimu akimbana maswali.

"Mstari wa pili kutoka chini?"

"Sol. Uzi wa tatu, bila kubonyeza."

"Na hii yenye mkia?"

"Nusu pigo."

"Aa, taratibu mama, utaning'oa! Una hasira na nani?"

"Na mtu mmoja tu."

Hakuwa mwepesi. Akikazia macho mistari, vidole vinapotea kwenye nyuzi. Akivitazama vidole, hajui tena amefika wapi kwenye karatasi. Ncha za vidole zilimchubuka hata kushika kitana ikawa adhabu. Kila alipotaka kuliweka chini gitaa aliloazimwa na mwalimu, alikisikia kile kicheko, akaanza upya.

Ikaja harusi ya wifi yake. Bibi harusi alitaka aingie ukumbini kwa muziki wa gitaa, kipande kifupi cha ukurasa mmoja. Kaka yake mpiga gitaa akaanza maringo. "Nitaangalia kama nina nafasi," akasema, na simu akaacha kupokea. Wifi akaja kusukwa huku analia.

"Hebu nipe hiyo karatasi," msusi akamwambia.

"Wewe? Wifi, usinitanie leo."

Msusi akaipiga polepole, akakwama katikati, akarudia. Wifi akafuta machozi.

"Usimwambie mtu," msusi akasema. "Hasa kaka yako."

Siku ya harusi shemeji alichelewa makusudi, suti imenyooka, gitaa mgongoni. Akamkuta msusi kwenye kiti cha mpiga gitaa.

"Haya shemeji, inuka. Mwenye kazi nimefika."

"Kazi imeshapata mtu."

"Usituaibishe bwana! Bibi harusi yuko mlangoni."

"Basi sogea apite."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Msusi akainamia karatasi, akaanza. Noti moja ilimponyoka, hakusimama. Bibi harusi aliingia kwa madaha, na shemeji akabaki ukutani na gitaa lake mgongoni, kama mchukuzi asiyejua mzigo ni wa nani.

Baadaye shemeji alimfuata. "Ungeniambia tu, tungepiga wawili."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Nyumbani mumewe akamsihi aombe radhi. "Kaka ameumia sana."

"Najua. Nilikuwa namtazama."

Hakuomba. Mama mkwe alipowaita wote kula pamoja, shemeji alikuja mikono mitupu, bila gitaa, akakaa kwenye kona. Msusi akampakulia chakula kizuri, akamnawisha mikono, kisha akamuuliza kwa upole, wote wakisikia, kama siku hizi bado anapiga gitaa.