Breki ya Pili Chini ya Meza

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mtu akikaa kwenye kazi hiyo muda mrefu, mguu wake wa kulia huacha kumsikiliza. Ndivyo alivyokuwa binti huyu, kitinda mimba wa mama yake, ambaye hata nyumbani walishazoea kumwita Mwalimu. Akiona jambo linakwenda mrama, iwe barabarani, iwe kwenye maneno ya watu, mguu unakanyaga wenyewe. Ukimcheka, na yeye anacheka.

Jioni hiyo kaka yake mkubwa aliwaalika hotelini, kwenye usiku wa Kimeksiko, mtu ajipakulie mpaka achoke. Mwalimu hakufuata chakula. Jumatatu alikuwa anahamia mji mwingine kufungua shule yake mwenyewe ya udereva pamoja na shoga yake wa kazini. Uwanja umepatikana, gari limepakwa rangi, kilichobaki ni kaka kuambiwa tu. Mama, ambaye Mwalimu aliishi naye wawili tu, alikwisha kumpa baraka, tena kwa moyo mweupe. "Kaka yako niachie mimi," alimwambia. "Nitamwambia mezani."

Na ilibidi aachiwe mama, kwa sababu kaka mwenyewe si mtu wa mchezo. Baba yao alipofariki ndiye aliyeshika nyumba na kumsomesha huyu mdogo, na tangu hapo Mwalimu alimwogopa, kusema kweli. Bwana yule ana duka la vifaa vya ujenzi, na maisha ya watu huyapanga kama anavyopanga mabati yake. Kwa mama huwa anapita tu, gari likiwaka nje, anaacha mfuko wa sukari, huyo kaondoka.

Wakapewa benchi la kona. Mwalimu akasukumwa ndani kabisa, mgongo ukutani. Kulia kwake mama, kisha kaka. Kushoto wifi yake, mke wa kaka, mwanamke mwenye mwili wake, akaziba njia. Wahudumu wakawavisha kofia za majani pana kama ungo, na ya mama ikawa inamchoma Mwalimu sikioni. Wanamuziki watatu wenye vikoti vifupi vya kubana walisimama mbele ya meza, wamewainamia na magitaa, wakaimba kama wanaodai haki.

Chakula kilikuwepo, jamani: maharage ya kupondwa, parachichi, wali mwekundu, na chapati ndogo za mahindi zilizokunjwa na nyama ndani. Hizo jina lake ni tako, na wifi hakuweza kulitamka mbele ya mama mkwe wake, akawa anaagiza kwa kidole. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Akakumbusha enzi zile mama akiwapeleka ugenini, mtoto akianza kuropoka au kuomba nyongeza, mama anamkanyaga chini ya meza, na ukishakanyagwa umenyamaza, huna la kuuliza. Hata mama alicheka.

Mwalimu alikuwa anamngoja mama aanze. Kaka akawahi kugonga glasi kwa kijiko.

Alisema amekaa, amefikiri, na mambo yote ameyaweka sawa. Pale kwa mama ataongeza chumba, cha Mwalimu, apate nafasi yake. Amekwisha kuzungumza na mkuu wa shule ya udereva, Mwalimu afundishe asubuhi tu, mchana awe nyumbani na mama. Mguu wa Mwalimu ukakanyaga. Mama alikuwa ameshafumbua mdomo, akaufumba. Kaka akaendelea: mama atazeekea mikononi mwa binti yake, na hakuna raha kama hiyo. Mguu ukakanyaga tena, kwa nguvu, kwenye kitu kigumu, labda mguu wa meza. Mama akasafisha koo, kisha akainamia sahani yake na kuanza kuhesabu punje za wali.

Mwalimu akamtazama. Mama hakumtazama. Basi ameniuza, Mwalimu akajisemea. Ukuta nyuma, wifi huku, mama huku, gitaa juu ya kichwa, na kila mtu anamngoja yeye. Neno lililomtoka lilikuwa, "Ahsante, kaka."

Wifi akapiga makofi.

Baadaye kidogo mama akaomba asindikizwe msalani. Benchi zima likainuka kuwapisha. Mlango ulipofungwa, Mwalimu hakujizuia.

"Mama, mbona umeninyamazia?"

Mama akaegemea sinki, akavua kiatu. Kidole gumba kilikuwa kimeiva kama nyanya. "Wewe ndiye uliyeninyamazisha. Kila nikifumbua mdomo, unanikanyaga. Nikasema basi, mtoto ameghairi."

Mwalimu akakitazama kidole, akataka kucheka, kilio kikatangulia. Akapiga magoti kukisugua, akaomba radhi, akaeleza habari ya breki.

"Unataka kwenda au hutaki?"

"Nataka, mama. Lakini nimeshamwambia ahsante."

"Ahsante si kiapo," mama alisema, akavaa kiatu chake.

Waliporudi, kaka alikuwa ameshawaita wale wa magitaa wamwimbie dada yake. Mama akakaa, akasema ana neno. Kaka akamwambia asubiri kidogo, kwanza wimbo, halafu... Hapo akakatika. Akachungulia chini ya meza, akamtazama mama yake. Mtu mzima, mvi kidevuni, na akanyamaza kama mtoto aliyeshikwa na kijiko kwenye sufuria ya watu.

"Sema, Mwalimu," mama akasema.

Mwalimu akasema. Jumatatu anahama. Alitaja mji, uwanja, gari. Akasema ile ahsante ya chumba haikutoka moyoni, ila ya kumsomesha ilitoka, na itaendelea kutoka. Mara mbili kaka alitaka kumkatiza, na mara zote mbili akayameza maneno yake, kwa kuwa mama alikuwa hajainua mguu.

Wanamuziki wakaenda meza nyingine.

"Na hicho chumba?" kaka akauliza, kwa upole.

"Jenga tu, baba," mama alisema. "Utalala wewe, ukija kunitazama."

Kaka akaivua ile kofia, akaiweka mezani.