Mtoto Juu ya Ukuta wa Mamba

Fundi cherehani alikwenda bombani kusuuza chupa ya maziwa, basi. Mwanawe Bonge, wa mwaka na nusu, mtoto aliyejua kukimbia kabla hajajua kutulia, alimwacha kwa baba yake. Na baba yake hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake, yule ambaye marafiki humwita Mzee wa Picha kwa sababu hagusi chakula kabla hajakipiga picha. Wanaume wawili wazima kwa mtoto mmoja. Hofu ya nini?

Siku hiyo mume, kinyozi, alifunga kibanda chake na mke akafunika cherehani, wakaenda bustani ya wanyama kumfurahisha mtoto. Mtoto mwenyewe hakumjali twiga, na simba alimpa kisogo. Kilichompendeza ni kuku wa mlinzi, aliyekuwa akichakura chini ya kizimba cha nyani. "Kuku!" akapiga makofi, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mama aliporudi na chupa yake inadondosha maji, alimkuta Bonge ameketi juu ya ukuta wa bwawa la mamba. Miguu huku, mgongo kule kwenye maji. Mzee wa Picha alikuwa amerudi nyuma, simu usoni.

"Kaka, sogea, mkono wako unaonekana."

Na kaka mtu akauondoa mkono, akasogea.

Mama hakupiga kelele. Alijua akiita tu, mtoto atageuka. Alitembea polepole, akijilazimisha kutabasamu, mpaka mikono yake ikakizunguka kitumbo cha mwanawe. Chini, kitu alichodhani ni gogo kilifumbua jicho.

Hapo ndipo alipolipuka.

"Mna akili nyinyi? Nawauliza, mna akili?"

"Shemeji, taratibu, watu wanatazama."

"Watazame! Hebu kakae wewe pale, nikupige picha!"

"Mama Bonge," mumewe akanong'ona, "unatuaibisha. Kwani kaanguka?"

Neno hilo lilimchoma kuliko ukuta wenyewe. Kwani kaanguka! Alitaka kumjibu, akaona akifungua tena mdomo atatoa maneno yasiyorudi. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka nao wamesimama pale pale.

Mume alirudi jioni, amekunja uso kama aliyekosewa yeye.

"Nimezungumza na mdogo wangu. Anasema umemdhalilisha mbele za watu. Ila ukimwomba radhi, yaishe."

Mke alikuwa akimlisha Bonge uji. Akaweka kijiko chini.

"Mpigie mama yako. Mweleze yote. Mweleze wewe, mimi nisije nikatia chumvi."

Kinyozi akapiga kwa kujiamini, maana mama ni wake.

"Shikamoo, mama. Ah, mkweo leo kachachamaa bure. Tulimpeleka mtoto kuona wanyama, tukamkalisha ukutani... ukuta wa bwawa, mama. La mamba. Lakini mimi nilikuwa nimemshika. Halafu..."

"Malizia," mkewe akasema.

"Halafu nikamwachia."

Sauti ya bibi ikatoka simuni kali, ikafika mpaka kwenye bakuli la uji: "Ukamwachia kwa sababu gani?"

Neno "picha" lilimkwama kinyozi kooni kama mfupa. Alimtazama mwanawe, uji umemjaa kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso ukamshuka.

"Nakuuliza wewe!"

"Sina sababu, mama."

Mkewe hakumwonea huruma hata chembe. Habari ya kuomba radhi haikutajwa tena nyumbani mle, lakini kwa siku nyingi kinyozi alijipakulia chakula mwenyewe, na mtoto akitaka kubebwa, mama alimwahi yeye kabla baba hajanyoosha mkono.