Gari la Kiinua Mgongo

Kabla gari halijashtuka, shemeji yake aliacha kupumua. Hilo ndilo jambo la kwanza Mamdogo aliloligundua, kabla ya harufu ya kuungua na kabla ya kelele. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akiitazama shingo ya shemeji yake ndani ya kola nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Gari lilipoanza kukolea mwendo, mabega ya shemeji yalipanda taratibu, masikio yakavutika nyuma kama ya paka aliyesikia mbwa, pumzi ikakatika. Kisha giaboksi ikapiga teke. Gari zima likaruka mbele, paji la uso la Mamdogo likagonga kiti, na mabega ya shemeji yakashuka.

"Samahani," alisema.

Hakuwa akimwomba radhi yeye. Kwa miaka mingi kiti kile kilikuwa cha bosi, na mdomo wa dereva ulikuwa umezoea kuomba radhi kwa yeyote aliyekaa pale, hata kama leo ni mdogo wa mke wake tu, msichana aliyeacha shule darasa la tano akaja kulea watoto wa dada yake. Watoto walimwita Mamdogo. Jina likamganda, mpaka wakubwa nao wakasahau lile alilozaliwa nalo.

Angeweza kukaa mbele. Shemeji ndiye aliyekataa.

"Gari hili halijazoea mtu mbele," alisema, kama vile gari nalo lina haya zake.

Lilikuwa refu, jeusi, viti vyake vya ngozi ya rangi ya maziwa, na milangoni kulikuwa na mbao zinazong'aa hata unaweza kujitazama meno. Kampuni ilipopunguza watu, walimwita shemeji uani, wakatoa hotuba. Fedha za kiinua mgongo hazipo, walisema, lakini kampuni inamthamini mtu wake. Basi alichukue gari alilolitunza kama mboni ya jicho. Mkurugenzi mwenyewe akamkabidhi funguo, watu wakapiga makofi. Siku hiyo majirani walilizunguka gari wakilipapasa kama ng'ombe wa mahari, wakampa shemeji jina la Mkurugenzi. Dada mtu alilia kwa furaha. "Bosi alikupenda," alimwambia mumewe, na tangu siku hiyo maneno hayo yalikuwa yakisemwa nyumbani kwao kama dua ya kabla ya kula, hata siku ambazo hapakuwa na cha kula.

Hayo yalikuwa kabla gari halijaanza kupiga mateke.

Sasa hoteli moja ilikuwa imekubali kulikodi libebe wageni wake, kwa sharti kwamba lipate stika ya ukaguzi, na stika hiyo ionekane leo kabla ya ofisi kufungwa. Kulikuwa na mtu mwingine mwenye gari jeusi, naye alikuwa amekaa mkao wa kula. Hoteli ilikuwa imemwambia shemeji hivyo bila kuficha, kwa sauti ya upole. Nyumbani, sufuria ya mchana ilikuwa imeshaacha kubandikwa. Watoto walikuwa wakinywa uji asubuhi, na jioni wakinywa tena uji, wakidanganywa kwamba huu wa jioni ni mzito.

Mamdogo naye alikuwa na kazi yake ndani ya gari lile. Gia ya kuegesha haikushika tena, na breki ya mkono ilikuwa imelegea kama mdomo wa mzee. Kwa hiyo gari likisimama mahali penye mteremko, yeye alifungua mlango, akaruka, akasukumiza gogo la kuni chini ya tairi. Watu wa barabarani waliona mlango wa gari la kifahari ukifunguka, wakageuza shingo wamwone mke wa waziri. Akatoka msichana mwenye ndara zilizoshonwa kwa waya, amebeba kuni. Wengine walicheka waziwazi. Yeye aliinama akafanya kazi yake, masikio yakimwaka moto, akarudi ndani haraka kama mjusi.

Kituo cha ukaguzi kilikuwa uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta. Magari yalipanga foleni, na madereva wakasimama kando wakipiga soga na kupepea uso kwa vyeti vyao. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, kofia kubwa, mikono nyuma. Alilizunguka gari lao, akachungulia ndani.

"Mzee, hili la nani?"

"Langu, mkuu."

"La kwako?" Alimtazama shemeji kuanzia viatu. "Na huyo nyuma?"

"Shemeji yangu."

"Amekaa kama balozi. Haya, shuka, balozi, niliendeshe."

Mamdogo alishuka na gogo lake kifuani. Mkaguzi aliliona, akaingia. Gari likaondoka vizuri, likapita taa, likapita shimo la kukagulia chini, likaanza kukolea. Shemeji, aliyekuwa amesimama kando ya Mamdogo, aliacha kupumua. Teke likaja. Kofia ya mkaguzi ikamvuka kichwa, ikatua kwenye usukani, na honi ikalia yenyewe.

Foleni nzima ilicheka. "Limempigia saluti," alisema dereva mmoja, na wengine wakashikana mabega.

Shemeji peke yake hakucheka. Alijua kwamba mtu mwenye cheo ukimcheka, bili anailipa aliye karibu.

Mkaguzi alirudi kwa miguu, gari akaliacha katikati ya uwanja. Alivaa kofia taratibu. "Giaboksi hii inaua mtu. Kabadilishe oili yake, ulirudishe gari nione imebadilishwa. Nafunga saa kumi." Kisha akashusha sauti, akawa anaongea na tairi. "Au tuongee kiutu uzima. Mkono mtupu haulambwi, mzee."

Shemeji alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alisimama penye taa nyekundu hata kama barabara ni tupu. Na hata kama angetaka kuwa mtu mwingine siku hiyo, mfukoni mwake mlikuwa na leso tu, na nauli ya mtu mmoja.

"Nitabadilisha, mkuu," alisema.

"Haya. Sheria ni sheria," alisema mkaguzi, na sasa uso wake ulikuwa umefunga.

Walikwenda kwa fundi mmoja aliyefanya kazi kwenye banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Zamani yeye na shemeji walikuwa wakisali safu moja, na alikubali kufanya kazi kwa ahadi. Alilala chini ya gari, akalegeza kizibo kidogo, akachukua matone kwenye kidole. Akayanusa. Akatoka, akakipaka kidole kwenye karatasi nyeupe, akawaonyesha. Doa lilikuwa jeusi kama lami.

"Oili hii inatakiwa iwe nyekundu kama sharubati," alisema. "Hii haijaguswa tangu gari lizaliwe."

"Haiwezekani," alisema shemeji. "Nilikuwa nalipeleka mwenyewe gereji ya kampuni. Kila lilipotakiwa. Sijawahi kuchelewa hata mara moja."

"Ulikuwa unasimama chini ya gari?"

"Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha wateja. Wananipa chai."

"Basi walikunywesha chai, wenzako wakanywa oili." Fundi alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza, kaka. Nitakwambia kitu usichopenda. Usiibadilishe."

"Nimeambiwa niibadilishe."

"Najua. Lakini ndani ya giaboksi kuna sahani zinazoshikana. Zile za kwako zimeshaisha, zimebaki laini kama kisigino cha mtoto. Unga uliosagika kutoka kwenye hizo sahani ndio umo humu kwenye oili, ndio unazifanya zishikane kidogo. Huo uchafu ndio unaoliendesha gari lako. Ukiutoa ukaweka oili safi, zitateleza. Leo linapiga teke. Kesho hata teke utalitamani."

"Kwa hiyo niende na uchafu?"

"Uende nao mpaka utakapoishia. Wangapi wanaenda nao?"

Shemeji alikunja mikono ya shati lake jeupe, akaikunjua. Mamdogo alikuwa amekaa juu ya gogo, akimtazama. Alijua atachagua nini. Mtu huyu alikuwa akimrudia mchuuzi hata akizidishiwa limau moja. Alitaka kumwambia, shemeji, msikilize fundi, twende kwa yule wa hoteli tukaombe hata wiki. Maneno yalifika shingoni, yakakaa hapo kama tonge la moto. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume.

"Bila oili mpya hakuna stika," alisema shemeji. "Bila stika hakuna hoteli. Wewe badilisha."

"Mimi nimesema."

"Umesema. Badilisha."

Oili ya zamani ilitiririka polepole kwenye karai, nzito, ikinuka kama sufuria iliyosahaulika motoni. Ile mpya ilikuwa nyekundu na nzuri. Shemeji aliitazama ikiingia kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Fundi alipomaliza, aliifuta mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Na mwanzoni, kweli, gari lilikwenda. Lilitoka bandani laini kama siagi. Shemeji alipandisha mabega, akangoja, teke halikuja. Alipandisha tena. Hakuna. Kwenye kioo, Mamdogo aliona meno ya shemeji.

"Unaona?" alisema. "Unaona, Mamdogo? Gari lilikuwa na kiu tu."

Alianza kumsimulia jinsi wageni wa hoteli watakavyopanda, na kwamba yeye Mamdogo hatapanda tena na kuni. Atakwenda kujifunza cherehani, kama dada yake alivyokuwa akimwahidi tangu mtoto wa kwanza. Alizungumza mfululizo. Mamdogo hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo.

Walipokaribia kituo, injini ilianza kulia juu kuliko mwendo, kama mtu anayekimbia kwenye tope. Shemeji alizidi kukanyaga mafuta. Sauti ikapanda, gari likapungua. Walifika getini, foleni ikiwa ya magari machache tu. Gari la mbele likasogea. Shemeji akaweka gia, akakanyaga. Injini ikanguruma mpaka watu wakageuka. Gari halikusogea hata upana wa kidole. Akaweka rivasi, ikanguruma. Akazima, akawasha, akaweka tena gia, kwa upole, kwa ncha za vidole, kama anayemwamsha mtoto. Hakuna kitu.

Nyuma yao honi zikaanza.

Madereva wanne walikuja kusukuma, wale wale waliocheka asubuhi, na safari hii hakuna aliyecheka. Mamdogo naye alisukuma. Walilifikisha mpaka kwenye mstari wa njano. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuvua fulana yake ya kazi.

"Mkuu, oili nimebadilisha," alisema shemeji, akihema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Nyekundu. Chungulia uone."

"Linalosukumwa si gari, mzee, ni toroli. Toroli sikagui."

"Wewe ndiye uliyesema nibadilishe."

"Nilisema ubadilishe. Nilisema uliue?" Mkaguzi alikunja fulana. Alionekana mchovu tu, kama mtu yeyote anayetaka kwenda nyumbani. "Liondoe hapa kabla sijafunga geti. Likilala ndani, ni faini ya maegesho kwa kila siku."

Wakalisukuma tena, sasa kutoka nje, mpaka kando ya ukuta. Geti likafungwa. Madereva wakapeana mikono na shemeji mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani, wakaenda zao. Simu kutoka kwa mtu wa hoteli iliita mara moja. Shemeji aliitazama mpaka ikanyamaza.

Alikaa kwenye kiti chake cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mamdogo aliingia nyuma kwa sababu hakujua pengine pa kukaa. Shemeji akatafuta namba kwenye simu, akapiga, akaweka sikioni. Alijinyoosha na kufunga kifungo cha juu cha shati, ingawa aliyepigiwa asingeweza kumwona. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa mapema. Ya tatu haikupatikana kabisa.

"Yuko kikaoni," alisema. "Saa hizi huwa ana vikao." Akaiweka simu kwenye paja, akaifuta kioo kwa kidole gumba. "Angejua tu hali yangu, angetuma mtu. Yule mzee alinipenda. Angekuwa hanipendi, angenipa gari lake?"

Alimtazama Mamdogo kwenye kioo cha gari. Alikuwa akingoja aitikie, kama walivyokuwa wakiitikia wote nyumbani. Mamdogo aliona macho mekundu ya shemeji yake, na nyuma ya kichwa chake ukuta mrefu wa kituo. Lile tonge la moto lilikuwa bado shingoni. Lilikuwa pale tangu siku ya makofi, alipokuwa amesimama nyuma ya watu na mtoto mgongoni, akaliona gari jipya la bosi limeegeshwa kivulini, likingoja hotuba iishe.

"Hapana, shemeji," alisema. "Hakukupenda. Walikuwa wanatafuta mahali pa kulitupa, wakakuona wewe."